Jini Hafuti Jeraha: Mwongozo Kamili wa Kuandika Manusura wa Ukatili katika Fantasia ya Mjini

Simulizi za fantasia ya mjini zimepata wasomaji wengi kwenye simu zetu: majini wanaopanda mwendokasi, wachawi wenye maduka Kariakoo, misukule wanaolinda magodauni ya Mombasa. Nyingi zina binti aliyetendewa unyama. Alipigwa, aliuzwa, alibakwa. Kisha, simulizi ikifika katikati, anapewa pete au anarithi jini wa ukoo, anamteketeza aliyemtesa, na kuanzia hapo hana tena hofu wala kumbukumbu mbaya. Anaolewa na tajiri, imekwisha.

Msomaji aliyepitia mambo hayo anajua amedanganywa, na uongo huo unamuumiza. Unamwambia kwamba ikiwa yeye bado anashtuka usiku, kasoro ni yake. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, kwa ajili ya mwandishi anayetaka kuutumia ulimwengu wa majini na uchawi kwa uaminifu. Msimamo wangu ni huu: uchawi katika riwaya unaweza kumlinda mtu, kumpa sauti, kumfungulia mlango, kumwonyesha asichokiona. Usiupe kazi ya kufuta jeraha.

Nitatumia mhusika mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Anaitwa Zuhura, ana miaka ishirini na sita. Alilelewa Pangani na baba yake mdogo, mganga. Tangu akiwa na miaka kumi na miwili, baba mdogo alimfanya kiti cha jini, yaani mtu ambaye jini humpanda na kusema kwa mdomo wake, na kumkodisha kwa wateja waliotaka kuuliza mambo yao. Sasa amekimbilia Dar es Salaam, amepanga chumba Magomeni, anauza vitenge Kariakoo. Jini bado yumo kifuani mwake.

Hatua ya 1: Ukatili uwe na mkono wa binadamu

Kabla hujaandika sura ya kwanza, jibu kwenye karatasi: nani alitenda, alianzaje, nani alijua akanyamaza, na kwa nini mhusika hakuweza kuondoka. Katika fantasia tuna kishawishi cha kumsukumia jini lawama. Baba alikuwa mtu mwema, jini ndiye aliyemwingia. Sentensi hiyo ikishaandikwa, kila mtenda uovu katika riwaya amepata maficho, na wale wa mitaani wamepata maneno ya kusema.

Tunajua jinsi hadithi za aina hii zinavyosambaa. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, wakakesha kwenye moto, kwa sababu ilisemwa kiumbe huyo huwaingilia watu wakiwa vitandani. Kulikuwa pia na maelezo kwamba aliyeshambuliwa lazima awaambie wenzake, la sivyo popobawa atamrudia. Kwa mwandishi, kipande hicho cha mwisho ni hazina: kiumbe anayelishwa na ukimya, na mtaa mzima unaokesha pamoja ili mtu asilale peke yake na hofu yake. Kichukue. Lakini usimtumie popobawa kuficha mjomba, mwalimu au mume. Kama kiumbe yumo, basi awe pembeni ya mtu aliyechagua.

Kwa Zuhura, baba mdogo ndiye aliyechagua. Jini mwenyewe alifungwa na mganga huyo, hakuomba kuwekwa kwenye mwili wa mtoto. Tena mganga ana cheti ukutani, kwa sababu tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 waganga Tanzania Bara wanatakiwa kusajiliwa. Majirani wanakiona cheti wanatulia. Mama mdogo aliosha kanga za mtoto kila baada ya kilinge, akaona, akaanika. Umtafute mama mdogo katika hadithi yako. Karibu kila mara yupo, na msomaji manusura atamtambua kabla hata ya mtesaji.

Hatua ya 2: Jifunze kiwewe kinavyokaa mwilini

Kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mateso, kilipata nafasi rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na wanajeshi waliorudi kutoka vita ya Vietnam walichangia sana. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inakwenda mbali zaidi. Inataja peke yake kiwewe changamani, ambacho mara nyingi hutokana na mateso ya muda mrefu ambayo mtu hakuwa na njia rahisi ya kuyakimbia. Huyo ndiye Zuhura. Mbali na ndoto mbaya na kushtuka, mtu wa aina hii hupata tabu kutuliza hisia zake, hujiona hana thamani, na hushindwa kukaa karibu na watu hata anaowapenda.

Mambo manne ya mwili yakusaidie kuandika. La kwanza, tukio hurudi kwa vipande: harufu, sauti ya komeo, mwanga chini ya mlango. Halirudi kama hadithi yenye mwanzo na mwisho, basi usimfanye mhusika asimulie kila kitu kwa mpangilio sura ya tatu. La pili, mwili hukwepa kabla akili haijajua sababu. La tatu, mwili huwa macho wakati wote, na mtu huchoka, hukasirika haraka, hasikii anachoambiwa. La nne ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote: kuganda. Wengi waliovamiwa hawakupiga kelele wala kupigana. Mwili ulijifunga wenyewe, wengine wakajiona kama wanatazama kutoka darini. Mhusika wako akiganda, usimruhusu msimulizi kumwita mwoga, na usimpe mhusika mwingine swali la "kwa nini hukupiga kelele" bila kuonyesha swali hilo linavyochoma.

Vichocheo vitoke mahali pake. Mtoto wa Pangani aliyeteswa kilingeni hatashtushwa na fataki, atashtushwa na ubani. Na ubani uko kila mahali: Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, nyumba nyingi za Magomeni zinafukiza. Kwa hiyo Zuhura huomba zamu ya kufunga duka kila Alhamisi. Mwenye duka anadhani ni binti mchapakazi. Msomaji anaona jambo hilo mara mbili, mara tatu, hakuna anayelieleza, halafu siku moja umeme unakatika, duka linafungwa mapema, na Zuhura anapaswa kupita uchochoroni saa moja jioni. Hapo umeandika kiwewe bila kukitaja.

Hatua ya 3: Weka sheria za uchawi kabla ya kuuhitaji

Andika orodha ya mambo ambayo uchawi wa riwaya yako hauwezi, uibandike mahali unapoandikia. Iwe na haya: hauondoi kumbukumbu bila kuchukua kitu kingine, haurudishi wakati nyuma, na nguvu za mhusika hazikuletwa na mateso yake. Hili la mwisho nalisisitiza. Tukisema binti amekuwa na nguvu *kwa sababu* aliteswa, tumemgeuza mtesaji kuwa mwalimu. Zuhura awe alizaliwa na uwezo wa kuwasikia wasioonekana. Baba mdogo aliuona uwezo huo akauteka, naye hakumpa chochote.

Sasa, pwani yetu ina urithi ambao waandishi wa lugha nyingine wangeutamani. Katika kupunga pepo, mara nyingi kazi si kumfukuza. Fundi humuuliza pepo jina lake, ametoka wapi, anataka nini. Kuna ngoma, kuna watu wa nyumbani wameketi, kuna makubaliano, na baada ya hapo mgonjwa na pepo wake wanaishi kwa masharti yanayojulikana. Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani aliyefanya kazi na manusura wa ukatili, mwaka 1992 alieleza uponaji kwa hatua tatu: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kuungana na watu. Viweke hivi viwili karibu. Sidai kwamba ngoma ni tiba ya hospitali. Nasema umbo la hadithi tunalo tayari: jambo linapewa jina mbele ya mashahidi, linawekewa mipaka, maisha yanaendelea nalo.

Kutoka hapo fantasia inakupa zana ambayo riwaya ya kawaida haina, nayo ni ruhusa inayoonekana. Kwa Zuhura, ukatili ulikuwa kunyang'anywa mdomo: mtu mwingine aliamua ni lini jini apande na aseme. Uponaji wake basi upimwe kwa swali moja ambalo msomaji analiona sura kwa sura: nani anaamua jini azungumze? Mwanzoni anapanda bila taarifa, hata dukani. Baadaye Zuhura anamwambia asubiri, naye hasubiri. Baadaye jini anauliza kwanza. Siku moja Zuhura anakataa, na kukataa kwake kunaheshimiwa. Hakuna hotuba inayohitajika.

Hatua ya 4: Mji ufanye kazi

Ikiwa riwaya yako inaweza kuhamishiwa kijiji chochote bila kubadilika, hujaandika fantasia ya mjini. Jiulize mji unampa nini mtu anayekimbia, na unamtishia kwa nini.

Dar inampa Zuhura kutojulikana. Inampa pia chumba chenye ufunguo, kwa mara ya kwanza maishani. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, serikali ya mtaa inataka barua ya utambulisho, na barua ina maana mtu wa nyumbani ajulikane. Hapo pana sura nzima ya wasiwasi bila jini hata mmoja. Asubuhi anapanda mwendokasi kutoka Magomeni hadi Gerezani, na katika msongamano ule anaguswa na watu asiowaona usoni. Mtu mwenye kiwewe atakuwa ameshajua asimame wapi: karibu na mlango, mgongo kwenye ukuta wa basi, macho kwenye taswira za watu kiooni. Andika namna anavyochagua nafasi. Wasioonekana nao wapande basi hilo hilo, washikilie vyuma kama abiria wengine, na Zuhura ajifunze kuwatofautisha wanaosafiri na wanaofuata.

Usalama ujengwe kwa vitu vidogo vinavyoshikika: komeo jipya, jirani anayegonga na kusema jina lake kabla ya kufunguliwa, namba mbili za simu alizozikariri. Kuna zoezi ambalo washauri nasaha hulifundisha la kutaja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyonusa, kimoja unachoonja. Mpe mhusika zoezi hilo katikati ya Kariakoo, alitumie kwa vitenge, kelele za wapiga debe na kahawa chungu, na utaona mji wenyewe unamshika asizame.

Usisahau kwamba katika mji huo kuna pia vyombo halisi vya msaada. Vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Aliyeumizwa hupewa fomu ya PF3 inayojazwa na daktari, na Kenya fomu hiyo ni P3. Zipo hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, ambapo polisi, daktari na ustawi wa jamii hukutana na mtu mahali pamoja. Nairobi Women's Hospital ina kituo chake cha manusura tangu 2001. Aliyebakwa akifika ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Mhusika wako anaweza kwenda huko na kusaidiwa, au kukutana na askari aliyechoka. Kuandika riwaya ambamo kuna majini wa kila kabila lakini hakuna zahanati ni kumwambia msomaji kwamba msaada upo ndotoni tu.

Hatua ya 5: Andika kuambiwa na kusikilizwa

Sura ambayo mhusika anasema kwa mara ya kwanza ndiyo moyo wa riwaya, kuliko vita ya mwisho. Waandishi wengi wanaipitia haraka kwa machozi na kukumbatiana. Iandike polepole, na ulitazame sana jibu la anayesikiliza. Hapa Zuhura amekwenda kwa Bi Kidawa, muuza vitumbua ambaye naye anawaona wasioonekana:

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona huingii?"

Zuhura alibaki kizingitini. Chetezo kilikuwa juu ya meza, hakijawashwa.

"Hicho," alisema.

Bi Kidawa alikitazama chetezo, akamtazama yeye. Alikichukua, akakipeleka uani. Akarudi na kigoda, akakiweka mlangoni, mahali mtu anapoweza kuiona barabara.

"Kaa hapa. Mlango nauacha wazi."

Kifuani jini akajigeuza. *Niseme?* Ndiyo kwanza aulize tangu watoke Pangani.

*Hapana.* Zuhura alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Baba mdogo alikuwa ananikodisha."

Bi Kidawa aliyaacha maneno yale yatue. "Nimekusikia," alisema. "Na nakuamini, mjukuu wangu. Ukitaka kuendelea, nipo. Usipotaka, vitumbua vinaiva."

Ona asichofanya Bi Kidawa. Hakuuliza ilikuwaje, hakumgusa, hakusema Mungu ana makusudi yake, hakuapa kulipiza. Hata chetezo hakukidadisi. Alimpa mlango ulio wazi, na akampa nafasi ya kunyamaza. Mhusika kama huyu si ndoto. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, mpango wa benchi la urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda huko Harare umewafundisha akina bibi kuwasikiliza watu wenye msongo kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Sisi tuna baraza mbele ya nyumba. Liandike lifanye kazi hiyo.

Hatua ya 6: Uponaji uende na kurudi

Chora ramani ya sura zako, utie alama kila palipo na nafuu na kila palipo na kurudi nyuma. Kama mstari unapanda tu, urekebishe. Zuhura anaweza kulala usiku mzima wiki nzima, halafu mteja mmoja anakohoa kama baba mdogo, na anajificha stoo ya duka hadi jioni. Siku hiyo haijafuta ile wiki, na msimulizi asiichukulie hivyo. Toa nafasi ya maombolezo: utoto uliopotea, shule aliyoacha, mama mdogo aliyempenda na bado anampenda. Toa nafasi ya hasira isiyo nzuri, inayomwangukia asiyehusika. Toa nafasi pia ya raha za mwili zisizohusu mapenzi, kama kuogelea Coco Beach, kusukwa na rafiki, kula bila haraka.

Mpenzi akiwepo, asiwe dawa. Awe mtu anayeuliza, anayekubali hapana bila kununa, na ambaye naye ana maisha yake. Katika fantasia onyo ni kubwa zaidi, kwa sababu tumezoea mashujaa wa kiume wenye nguvu za kusoma mawazo au kumvuta binti kwa uchawi. Mbele ya manusura, nguvu hizo ni mateso yale yale katika vazi zuri. Kama mpenzi wa Zuhura anaweza kusikia mawazo, sura ya kwanza ya uhusiano wao iwe ile anayomwambia ukweli huo na kumuuliza anataka mpaka uwe wapi.

Hatua ya 7: Siku ya kukutana na mtesaji

Msomaji ataisubiri, na una haki ya kumpa. Uamuzi wa kuamua kwanza: je, anayetaka kukutana ni mhusika au ni wewe? Manusura wengi hawataki kuuona uso ule tena, na riwaya inaweza kuishia hapo kwa heshima.

Akikutana naye, zipo njia tatu, kila moja ina gharama yake. Kisasi cha uchawi kinaridhisha ukurasa mmoja. Onyesha asubuhi ya pili yake, mhusika akigundua ubani bado unamkaba. Sheria ni njia ndefu. Tanzania ina sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 na ile ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008, lakini shahidi wa Zuhura ni jini, na hakimu hawezi kumwapisha. Mama mdogo pekee ndiye anayeweza kusimama kizimbani, na hilo linamrudisha katika hadithi kwa uzito wake wote. Njia ya tatu ni kikao cha ukoo, na hapa nakuomba uwe mkweli kabisa. Tunakijua: mkeka, wazee, soda, na maneno ya "yaishe nyumbani". Andika shinikizo hilo, andika nani anafaidika nalo. Kama Zuhura atasamehe, iwe kwa wakati wake na kwa sababu zake. Kama hatasamehe, usimwadhibu kwa hilo katika sura zinazofuata.

Hatua ya 8: Kabla ya kutuma kwa wasomaji

Pitia kila onyesho la ukatili ujiulize kamera iko wapi. Ikiwa inatazama mwili wa anayeumizwa kwa muda mrefu kuliko inavyomtazama anayeumiza, andika upya. Mara nyingi inatosha kuonyesha kabla na baada: komeo, kisha kanga zimeanikwa. Mateso ya mtoto yasielezwe kwa undani hata kidogo.

Mpe mswada mtu mmoja au wawili wanaoijua hali hii, kama wako tayari, na uwaambie yaliyomo kabla hawajafungua. Usimwombe manusura akusimulie yake ili upate maelezo. Akikwambia sehemu fulani si kweli, usibishane, uliza tu ipi. Nawe ukiona usiku huwezi kulala baada ya kuandika, acha sura hiyo, andika ya vitumbua, urudi baadaye.

Ukitoa simulizi kwa vipande, weka onyo juu ya kila kipande kinachohusika, kwa maneno ya wazi: "Sehemu hii ina ukatili dhidi ya mtoto." Msomaji wa kipande cha ishirini huenda hakusoma cha kwanza. Chini yake weka namba za msaada. Namba 116 hupokea simu za bure kuhusu watoto Tanzania na Kenya, na Kenya namba 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Zipige mwenyewe kwanza uhakikishe zinapokelewa katika eneo la wasomaji wako, na uziandike kwenye kipande chenyewe, kwa sababu kipande kikisambazwa, maelezo ya ukurasa wako hayaendi nacho.